Mwaga Gunia Lote

Nekesa mjukuu wangu,

Hapa Kitale tuko, ng'ombe amezaa. Ati mwalimu amekataa mchoro wako, unaopanga majibu yote ambayo kompyuta imetoa kwa swali moja kwa mafungu, yanayofanana pamoja? Ati watu wanataka jibu la juu tu? Na wewe unaniuliza kama utaufuta!

Nikiwa msichana nilienda Sirisia kununua mbegu za maharagwe. Za juu ya gunia ziling'aa. Nikamwaga zote kwa turubai, nikatenga mafungu. Mwenye duka akafoka, "Wee, unanunua ama unacheza?"

"Nanunua, lakini si hizi umenipangia juu."

Fungu la zilizotobolewa na wadudu lilishinda yote kwa ukubwa.

Usifute. Wacha mwalimu afoke. Yule wa Sirisia pia alifoka, na mbegu mbovu akabaki nazo yeye.

Kukhu wako