Kiatu cha Kushoto cha Afande Okot

Kamwokya, Kampala
Jumapili

Kwako Kaka Saidi,

Shikamoo, ingawa umenitangulia miaka mitatu tu na mieleka nilikushinda zamani. Likizo inakwendaje? Goti la Mama limepoa? Mimi ni mzima, nimenenepa kwa chapati zao za mayai, na wasichana wa hapa wanasema Kiswahili changu ni kama redio. Ninaandika kwa sababu simu ya Baba haijui kunong'ona. Akipokea, mtaa mzima unasikiliza.

Wenzangu wa safari hii ya vijana wana vyeti, mimi nina kidato cha pili na mdomo. Tunajifunza maisha ya jeshi, na kila asubuhi tunakwenda kwenye makazi ya askari waliojeruhiwa vitani. Sikufichi, nilikuja kwa ajili yako. Picha yako ya magwanda iko sebuleni, Baba anaifuta vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Yangu ni ile ya darasa la saba, nyuma ya kabati, nimefumba macho. Nilitaka nirudi na picha ya kuishusha yako.

Hapa siku ya kuagana askari hao hupiga gwaride, na kila mmoja humchagua kijana wa kutembea naye bega kwa bega na kupigwa naye picha. Mimi na Zuberi, yule jirani yetu anayeomba radhi hata akikanyagwa, tulipangiwa Afande Okot, mtu wa kaskazini. Mguu wake wa kushoto umekatwa chini ya goti, anatembelea wa bandia. Alinifundisha kutandika kitanda kijeshi, nikamfundisha kusema "kiatu changu" badala ya "kiatu yangu", akakataa. Tulivyokuwa tunacheka, nikaona Zuberi hana lake. Nikampigia Baba nikamwambia nimeshachaguliwa. Akauliza kama picha itakuja na fremu.

Jana, siku ya gwaride, niliwahi kwa boda kabla ya Zuberi ili nimpigie Afande viatu vyake rangi. Cha kulia nikakisugua mpaka nikayaona meno yangu. Cha kushoto nikakiacha na vumbi lake. Nilijiambia ule si mguu, ni plastiki tu, ya nini kumkumbusha machungu. Afande akakaa kitandani, akavitazama. Zuberi naye ndiyo anaingia.

"Kijana, hii nyingine je?"

Nikamwambia hicho hakina mguu, Afande. Nikacheka, peke yangu.

"Iko na mguu. Ilibaki porini. Kiatu yake ndiyo ungeanza nayo."

Hakufoka. Angefoka ningejua pa kujificha. Zuberi akachukua brashi bila kuambiwa, akapiga magoti, hata hakunitazama. Saa nne wakapita mbele yangu pamoja, kiatu kinawaka, Zuberi katoa kifua sijui alikiazima wapi. Nilipiga makofi huku nikimwombea ajikwae. Hakujikwaa. Kaka, wewe nimekuonea wivu miaka yote, lakini huu wa jana ulizidi.

Jioni nikaenda kumwomba radhi Afande. Akasema yameisha, akauliza kama nina ndugu jeshini. Nikaanza kukusifu, vyeo nikakuongezea. Akanikatiza.

"Yeye anaogopa nini?"

Tumelala chumba kimoja miaka kumi na mitano, najua unavyokoroma, lakini hilo sijawahi kukuuliza. Nilikuwa nayaangalia magwanda tu.

Picha ya Zuberi itafika kwa mama yake wiki hii, na mama yule hana siri. Kwa hiyo mkalishe Baba umsomee barua hii yote, usiruke pa kiatu. Akikasirika, akasirike nami nikiwa mbali.

Nisalimie Mama, na Bibi anayedhani Kampala ni Ulaya, na shangazi wa maandazi. Na swali la Afande unijibu kwa mkono wako, mlango ukiwa umefungwa. Sitamwonyesha mtu.

Mdogo wako, bado mzuri wa sura kukuzidi,
Ramadhani