Kabureta Mbili Ndogo za Delmar Pruett

Mwaka umetimia, Delmar, tangu kifuniko cha kopo la kahawa kiache kulia jikoni kabla hakujapambazuka. Ulikuwa ukikifungua taratibu, ukidhani umetuacha usingizini. Sote tulikuwa macho, tukikusikiliza na kujua siku imeanza vizuri.

Kwa miaka arobaini ulitengeneza pampu za maji za mashamba ya upande huu wa Tulare. Mwaka wa ukame mkali ulilala shambani kwa akina Avila siku tatu hadi maji yakatoka, ukarudi umejaa matope, na kapu la matunda ya pichi mkononi. Na kila ulipotaka kuwasha kile kigari chako cha mwaka 1934, chenye injini inayosikika hadi barabara kuu, ulikisukuma kwa mikono mpaka mwisho wa njia, ili usimwamshe mtoto mchanga wa jirani. Mtoto huyo sasa ana miaka tisa. Mama yake bado anakutaja.

Kigari hicho ndicho kilichokutenganisha na mdogo wako Orval. Yeye alikuambia injini ile ya zamani inataka kabureta mbili ndogo za kuichanganyia petroli na hewa. Wewe ukafunga mbili kubwa za lori, kwa sababu ziling'aa. Siku ya gwaride la mji injini ikajaa petroli, ikakohoa moshi mweusi, ikazimika mbele ya watu wote.

"Kaka, kifaranga hanyweshwi kwa ndoo!" Orval akapaza sauti, na mtaa mzima ukacheka.

Ulimwambia asikanyage tena kwako. Hakukanyaga, miaka kumi na moja.

Tunashukuru kwamba ugonjwa ulipokuja ulikukuta bado una ulimi wa kuomba radhi. Ulizifungua zile kubwa, kisha ukapiga simu.

"Orval, nilikosea. Zile ndogo ulizosema, ni zipi hasa?"

"Imekuchukua miaka kumi na moja kujua?"

"Kujua nilijua siku ile ile, mdogo wangu. Iliyobaki yote ilikuwa kiburi."

Alikuja kesho yake na kabureta mbili ndogo zimeviringishwa kwenye taulo. Alikuwa amekununulia mwaka ule wa gwaride, akazitunza.

Kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini huchechemea. Fundi huweka ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta, akalinganisha mvumo. Masikio yako yalikuwa yamekwisha kuliwa na kelele za pampu. Kwa hiyo Orval alisikiliza, nawe ukashika bisibisi.

"Kulia kidogo. Kidogo, nimesema! Unakaza boliti ya trekta?"

"Wewe sikiliza tu, daktari."

Tulikuwa dirishani, tukijifanya tunaosha vyombo.

Kufikia mchana injini ilikuwa imetulia, ikinguruma laini bila kuruka pigo hata moja. Orval akaanza kunawa mikono aondoke. Wewe ukatikisa kichwa.

"Bado haijakaa sawa. Kesho nitakuhitaji tena."

Ilikuwa imekaa sawa. Hata binti yako Nadine, asiyejua tofauti ya kabureta na birika, alisikia. Orval akafuta mikono, akasema, "Kweli kaka, ina kasoro." Basi akaja siku thelathini na nane mfululizo, hadi ile ya mwisho. Kwa siku hizo hatuna namna ya kushukuru ikatosha.

Tunaokukumbuka ni mkeo Lorene, binti yako Nadine na mumewe Curtis, mjukuu wako Kelsey ambaye sasa ndiye anayekiendesha kigari, na majirani wote wa njia yetu. Hutatutoka moyoni, Delmar, siku zote za maisha yetu.

Na wewe, Orval, tunajua gazeti hili hulisoma hadi mwisho. Tangu mazishi hujafika kwetu, na tumesikia unasema huna tena kazi ya kufanya hapa. Hatukukuita kwa kazi. Jumapili tunakula saa saba mchana, na Kelsey anaoka pai ya pichi, ingawa haijui vizuri. Tafadhali, njoo tena.