Kiu ya Baba

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata kazi! Shangazi ana ukumbi wa sinema nyuma ya stendi. Jumamosi mchana anataka kuonyesha filamu ya familia nzima, bibi na wajukuu pamoja. Kazi yangu: niitazame kwanza, niseme inafaa au haifai. Mimi! Ambaye darasani nilikuwa najua jibu, nalimeza. Shangazi anasema wenye midomo anao wengi, anatafuta mwenye macho.

Baba kasema nijaribu. Jumamosi atakuja kuona ni kazi gani hiyo, ndipo aamue. Namshukuru hata kwa hilo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeitazama. Golikipa wa kike anampenda kocha wa timu pinzani, halafu wanakutana fainali! Nimecheka peke yangu mpaka mfagiaji akachungulia. Hakuna matusi, hakuna mavazi ya aibu. Ila kuna busu. Moja tu, baada ya penalti ya mwisho, wote wawili matope matupu.

Hapo ndipo kazi ilipo. Nyumbani kwetu, busu likikaribia kwenye TV, Baba hushikwa na kiu. "Hebu niletee maji." Nikirudi, limepita. Nimekulia hivyo. Nilipokuwa mdogo niliamini wapenzi wakisogeleana sana, kinachofuata ni matangazo.

Ijumaa, 6 Desemba

Shangazi kauliza, tulikate? Nikasema lisikatwe. Sauti ilitoka! Nikamwambia huyu dada anazuia kila kitu filamu nzima, hapo tu ndipo anakubali kitu kimpite.

Shangazi kanikodolea macho. Kumbe una mdomo! Kisha akasema baba yako ni kaka yangu, namjua, akinuna kazi huna.

Najua. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Ahsante, Shangazi.

Jumamosi, 7 Desemba

Naandikia kwenye meza ya tiketi, kando ya ndoo ya maji. Filamu inaendelea. Ukumbi umejaa! Bibi anamfokea golikipa: "Toka golini, mwanangu, toka!" Baba kacheka mpaka kafuta machozi — nimeona! Mama kamwegemea begani.

Penalti. Kadaka! Matope. Wanasogeleana —

Baba kakohoa. "Jamani, nasikia kiu."

Wadogo zangu wameinuka wenyewe, wameshazoea. Mimi nimeshachota kikombe.

"Kaeni," kasema. "Naenda mwenyewe."

Sasa yuko hapa kando yangu, skrini kaipa mgongo. Kashika kikombe, hanywi. Ukumbi mzima vigelegele. Bibi ndiye kinara.

"Wamemaliza?" ananiuliza polepole.

"Bado, Baba."

Kapiga funda moja. Halafu, bila kunitazama: "Ni wewe uliyesema inafaa?"

Nimesema ndiyo. Wala sikunong'ona.

Anachota kikombe kingine. Ananinyooshea mimi.