Buti za Leo

Mjukuu wangu Salome,

Marahaba, ingawa naona aibu kuamkiwa na mtu anayenizidi mwaka mzima. Lakini baba yako ananiita shangazi, kwa hiyo bibi ndiye mimi. Huku Hayes hatujambo, mama anakusalimu.

Umeuliza, huko Norwe uliko, uchukue saizi gani ya buti za skii, zile za kutelezea kwenye theluji. Ngoja nikuungamie. Mwaka jana, kabla ya safari ya skii ya shule, mama alinipeleka dukani akasema, "Ongeza saizi mbili, mtoto anakua." Muuzaji, mzee mpole, akaniuliza kama zinanikaa. Kisigino kilikuwa kinaelea, lakini nikajibu, "Zinanikaa."

Hakubishana. Alinipima mguu kwa sentimita, akaleta ndogo zaidi.

"Simama." Vidole vikagusa mbele.

"Kunja magoti." Vidole vikarudi nyuma vyenyewe, na kisigino kikatulia kama kimeshikwa na mkono. Hebu fikiria, Salome. Maisha yangu yote nilikuwa navaa vitu vya mwakani. Sikujua kitu cha leo kinakaaje mwilini.

"Si zitambana kesho tu?" mama akauliza.

"Mama, ni hizi," nikasema, na sauti yangu ikanitisha.

Akainama, akabonyeza ncha ya buti kwa dole gumba kama alivyozoea. Plastiki ngumu haikubonyea. Akaniangalia usoni.

"Kumbe umeshakua," akasema taratibu.

Basi nenda ukapimwe. Kisigino kikiinuka, usiseme zinakukaa.

Bibi yako mdogo,
Tumaini