Oili Chini ya Distributa

Mjini Komoro, chini ya mlima Asama, 18 Aprili 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kikohozi ulichomwandikia Bibi kimekwisha. Sisi hatujambo. Goti la Bibi linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, na ameshapanda letusi za kwanza. Theluji imebaki juu ya mlima Asama tu.

Najua umeandika mara nyingi na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Kila ikija moja, Bibi huiweka juu ya friji, nami huisoma akienda shambani. Sikujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Sasa nimepata pa kuanzia, nalo ni gari lako.

Nilipofunua turubai nilikuta doa la oili sakafuni, kubwa kama sinia. Inatoka pale distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, inapoingia kwenye injini. Bibi anataka mtu wa chuma chakavu aje alivute. Anasema, "Linalala mwaka mzima kama mgonjwa, na sasa linajikojolea."

Mimi sitaki livutwe. Nataka lipite ukaguzi, lipite kweli, kisha tuje nalo kukuchukua Novemba. Bibi ameniambia hutaki kurudi hapa, kwamba ukitoka gerezani utakwenda Hokkaido, kule kaskazini, kutafuta kazi kwenye meli za samaki. Baba, sitakudanganya. Niliposikia hivyo nilishusha pumzi, kisha nikaona aibu kwamba nimeishusha. Mtoto wa Bwana Ushiyama yuko darasa la jirani. Baba yake bado anatembelea magongo. Mtoto huyo haniambii neno. Angenitukana, ningejua la kufanya.

Nifundishe kuziba oili.

Mwanao,
Chizuru


30 Mei 1999

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Nilikaa na barua yako mpaka askari akaniuliza kama nimefiwa. Kikohozi kimekwisha. Nashona glavu za kazi kutwa nzima, na wali wa shayiri nimeuzoea. Mwambie mama yangu asibebe maji kwa mkono wakati mpira upo.

Habari za ukaguzi usiniulize mimi. Karatasi za lori la Ushiyama nilizigonga muhuri gerejini bila hata kulipandisha jeki, kwa kuwa ulikuwa msimu wa letusi na kila mtu alitaka lori lake siku hiyo hiyo. Breki zikamtoroka mteremkoni. Mtu wa namna hiyo hafundishi ukaguzi. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili, naweza kukufundisha.

Zungusha injini kwa spana kwenye boliti ya puli mpaka alama ya silinda ya kwanza ifike juu. Fungua kifuniko cha distributa, utazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani, imeelekea wapi. Utaona pia mstari mweupe wa rangi, nusu uko kwenye distributa, nusu kwenye injini. Niliupiga mwenyewe, ukiirudisha distributa mstari ukakutana, taimingi, yaani wakati wa kurusha cheche, imerudi mahali pake. Ikishatoka, injini isizungushwe hata kidogo. Oringi mpya ipake oili kwa kidole kabla ya kuiingiza, isije ikakatika.

Kuhusu Novemba, gari lifanyeni mtakavyo, lakini langoni msije. Nitapanda basi moja kwa moja mpaka bandarini.

Baba yako


Komoro, 20 Julai 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Joto limewazidi hata panya wa bandani. Sijui ninyi huko mnalalaje. Sisi wazima.

Nina habari mbaya, nami naona haya kuiandika. Kabla barua yako haijafika nilikuwa nimeshasafisha injini yote. Niliisugua kwa mswaki na sabuni kama tunavyosugua korido ya shule, kwa sababu mwalimu hutuambia kazi haianzwi juu ya uchafu. Iling'aa mpaka Bibi akajipaka rangi ya mdomo akijitazama kwenye kifuniko. Uliponiandikia habari za mstari mweupe, nilitoka mbio kuutafuta. Haupo. Nimeufuta mimi.

Hata hivyo niliitoa distributa, nikaitazama rota vizuri kama ulivyosema. Oringi ya zamani ilikuwa ngumu kama kucha. Nikaenda kununua mpya kwa baiskeli. Niliporudi, gari lilikuwa limesogea. Bibi alikuwa amelisukuma ili afikie magunia ya vitunguu, na gia ilikuwa imeingia.

Nikamwambia, "Bibi, injini imezunguka."

Akasema, "Si ndiyo kazi yake?"

Nikarudisha distributa kwa kubahatisha. Bibi alipowasha, kabureta ilipiga mlio kama bunduki. Watu wakatoka majumbani. Mama Tokuda, jirani wa ng'ambo ya barabara, akasimama kwenye uzio akasema, si kwa sauti kubwa, "Ufundi wa nyumba hii tunaujua." Bibi akamjibu, "Na udaku wa nyumba yako je?" Mimi niliingia ndani nikafunga mlango.

Baba, nimepoteza kazi yako uliyoipanga mwenyewe. Kuna njia ya kuirudisha?

Mwanao,
Chizuru


29 Agosti 1999

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Mimi mzima. Nakuomba radhi, nilicheka. Niliposoma habari ya rangi ya mdomo nilicheka hadi mwenzangu wa chumba akaomba nimsomee, naye akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Mstari ule si kitu. Niliupiga kwa uvivu, ili nisipime tena. Sasa utapima.

Toa plagi ya silinda ya kwanza. Ziba tundu kwa kidole gumba, Bibi azungushe injini kwa spana polepole. Pistoni hupanda mara mbili, lakini mara moja tu upepo utakisukuma kidole chako kitoke. Kikisukumwa, endeleeni mpaka alama ya puli ifike juu, msimame hapo. Ingiza distributa rota ielekee waya wa silinda ya kwanza. Injini itawaka. Ikipata joto, mulika puli kwa ile taa ya taimingi iliyo kwenye kabati la chuma, na uzungushe distributa kidogo kidogo mpaka alama isimame kwenye digrii kumi. Kaza. Usipime kwa masikio. Mimi nilipenda kupima kwa masikio.

Maneno ya Mama Tokuda yalikuwa ya kuambiwa mimi, yamekufikia wewe. Ndiyo maana nakwenda Hokkaido. Nikiwa mbali, watakusahau wakunyamazie.

Baba yako


Komoro, 10 Oktoba 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Matunda ya kaki yameiva, Bibi ameyaning'iniza yakauke.

Upepo ulikisukuma kidole changu. Nilipiga kelele, Bibi akadhani nimekatika kidole. Gari likawaka mara ya kwanza, nami nikaimulika alama mpaka ikasimama kwenye kumi, imetulia kama imechorwa hapo. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Tukaazima namba ya muda, ile ya mstari mwekundu, na alfajiri Bibi akaliendesha mpaka kituo cha ukaguzi. Tulipokuwa kwenye foleni niliinama kutazama. Pale chini ya distributa palikuwa na tone. Oringi ni mpya, lakini palikuwa na tone.

Mtu aliyekuwa nyuma yetu akashuka, mzee mpole tu, akaniletea kopo la dawa ya kusafishia na kitambaa. "Futa, binti. Wanamulika mara moja tu. Sote tunafuta." Bibi akasema, "Futa basi, tumeamka saa kumi." Wakawa wanatusubiri, na foleni ikasogea.

Baba, nilifuta.

Mkaguzi akamulika, akagonga muhuri. Bibi akanunua maandazi ya maharage kusherehekea, nami sikuweza kumeza. Karatasi iko juu ya friji na siwezi kuitazama. Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza mtu anawezaje kufanya kama ulivyofanya. Kumbe ni rahisi. Watu wanasubiri, mtu mmoja anakwambia sote tunafanya, basi. Sina tena haki ya kukuonea aibu. Mimi na wewe tuko sawa.

Mwanao,
Chizuru


24 Oktoba 1999

Chizuru,

Marahaba. Mimi mzima. Nimeomba ruhusa ya kuandika kabla ya zamu yangu.

Hatuko sawa. Wewe ulifuta tone, na siku hiyo hukuweza kumeza andazi. Mimi niligonga muhuri nikala chakula cha mchana, nikashiba, na kesho yake nikagonga mwingine. Bwana Ushiyama hatembei bila magongo. Usijilinganishe nami ili unipunguzie mzigo. Huu ni wangu, na ukiushika nitabaki sina kitu cha kufanya hapa duniani.

Halafu tone. Chini ya distributa pana kikalio kilichofungwa kwa boliti mbili, na kati yake na injini pana gaskiti ya karatasi inayoziba mwanya. Ndiyo hiyo. Nilijua inavuja tangu zamani, nilikuwa nafuta. Tengeneza mpya kwa karatasi nene: ilaze juu ya kikalio, gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka kingo zichoreke, kisha ukate. Distributa itabidi itoke tena. Sasa unajua kupima.

Natoka tarehe 19 Novemba, saa tatu asubuhi. Nakuandikia kwa kuwa una haki ya kujua. Siwaiti.

Baba yako


Komoro, 9 Novemba 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Asama imevaa nyeupe tena. Sisi wazima, na nakuombea siku zilizobaki zipite salama.

Gaskiti ya kwanza niliikata vibaya, ya pili ikakaa. Nimepima upya, alama imesimama kwenye kumi. Nilitandaza gazeti chini ya injini wiki nzima. Habari zote zinasomeka.

Jumatatu tulirudi kituo cha ukaguzi. Mkaguzi akashangaa. "Si mna karatasi tayari? Mmefuata nini?" Bibi akamwambia, "Mjukuu wangu alifuta oili siku ile. Leo hakufuta. Mulika, mshahara wako ni ule ule." Watu wote wa foleni walinitazama, na masikio yaliniwaka moto. Akainama, akakaa chini kule muda mrefu. Alipotoka alisema neno moja tu: "Pakavu."

Tarehe 19 tutakuja. Gari lina viti viwili na dereva ni Bibi, kwa hiyo nimefikiri sana tutarudije. Bibi atarudi na gari, na mzigo wako utakaa kiti cha pili. Mimi na wewe tutapanda treni.

Kama bado unataka basi la bandarini, nitakusindikiza mpaka kituoni, sitakushika nguo. Lakini nimetazama ratiba. Kuna treni inayofika Komoro mapema, wakati wanafunzi wote wako darasani, na kuna nyingine ya usiku. Sikuchagua hizo. Nimechagua inayofika wakati shule inatoka, kituo kimejaa, na mtoto wa Bwana Ushiyama husubiri treni yake jukwaa hilo hilo. Tutashuka, nami nitamsalimia mbele yako. Sijui yeye atafanya nini.

Nitavaa sare yangu ya shule, ili kila mtu ajue ni mimi.

Mwanao,
Chizuru