Kopo la Makadirio

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu Jumanne ile ulipotutoka wodini, saa nne asubuhi. Familia imeniachia mimi niandike tangazo hili la kumbukumbu, kwa kuwa ndiye niliyekupinga kuliko wote. Mama kasema, "Si wewe mjuaji? Haya, andika." Naandika. Nina sababu nyingine pia: binti yangu wa mwisho ameng'ang'ania kusoma hesabu kama wewe, fomu yake ilikuwa ikisubiri sahihi yangu, na mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa.

Wasiokujua wajue kwamba hapa nyumbani tulikuita Bi Kadiria. Hukuruhusu kitu kipimwe kabla hatujakisia. Birika hili litajaza vikombe vingapi? Harusi ya jirani watakuja wageni wangapi? Kila mtu aliandika kadirio lake kwenye kikaratasi, na mambo yakishajulikana ulikigeuza ukaandika ukweli upande wa pili. Vyote viliingia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Aliyekosea sana alitaniwa wiki nzima. Ulipokosea wewe ulijisoma wa kwanza, tena kwa sauti.

Ulipotaka kwenda chuo kusoma hesabu, baba alikuwa ameshatangulia, na kaka mkubwa nikajiona ndiye mwenye neno la mwisho. Nilikwambia hesabu ni ya kufundishia tu, ukitaka chaki chukua chaki. Hukubishana. Ulinisogezea kikaratasi ukasema, "Kaka, kadiria." Nikaandika, nikatia na sahihi kabisa. Fomu nilikataa kuigusa, akaisaini mama.

Kazi yako ya kwanza ulikaa wiki nzima kwenye njia panda ya hospitali, juu ya stuli, na chupa ya chai miguuni, ukihesabu magari. Jirani alikuja mbio: "Mama weee, binti yako kaharibikiwa!" Mama akashika kichwa. "Shule yote ile, anahesabu magari?" Mimi nilicheka, nakiri. Kumbe manispaa ilikuajiri useme taa za kuongozea magari pale ziwake muda gani kila upande. Miezi miwili baadaye foleni iliyokuwa ikifika sokoni ikawa haivuki kituo cha mafuta. Nikasema ni bahati.

Kisha ukaenda kiwanda cha mashati. Nikauliza, hata kushona kifungo hujui, utafanya nini huko? Ulilaza vipande vya karatasi kwenye sakafu ya sebule, kola, mikono, mgongo, ukivigeuza huku na huku mpaka vikabanana, na ole wake atakayekanyaga. Mabaki ya vitambaa yakapungua hata fundi wa mito, aliyekuwa akiyachukua kwa magunia, akaja kukushtaki kwa mama. Ulimpikia chai, ukamchorea jinsi ya kukata foronya zake.

Ukamalizia hospitalini, ukipanga zamu za wauguzi. Hiyo kazi sikuielewa. Nilidhani ni kuandika majina kwenye mistari.

Siku ya kukuzika nilimwona trafiki langoni, na sare zake, kofia mkononi. Nikajua nimeegesha gari vibaya. Nikatoka mbio na funguo. "Hapana, mzee," akasema, "nimekuja kumzika mwenzangu." Nyuma yake walikuwa wakata vitambaa, na tepu zao bado shingoni. Mimi ndiye niliyekadiria viti siku ile, na nusu ya watu walisimama. Muuguzi mkuu alinishika mkono. "Kabla ya ratiba ya mdogo wako," alisema, "mwanangu nilikuwa namwona akiwa amelala tu." Nilimwitikia, nikaenda kutafuta viti. Sikulia. Nilikuwa na shughuli nyingi.

Jumapili iliyopita tulitafuta picha yako ya kuweka hapa. Binti yangu akashusha kopo. Picha haikuwemo, ila chini kabisa kilikuwemo kikaratasi changu, wino umefifia: "Atakuwa mwalimu wa hesabu. Zaidi ya hapo, hakuna." Na sahihi yangu, ndefu, ya mtu anayejiamini.

Binti akakigeuza. Upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Baba, hiki shangazi hakukijibu."

"Labda alisahau."

"Shangazi? Asahau?"

Vingine vyote ulivijibu, hata vya vikombe vya chai. Changu ulikaa nacho miaka ishirini na sita, na kila kazi mpya uliyopata ungeweza kukisoma mezani mbele ya wote. Ulinisitiri. Niliona haya, mdogo wangu, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya mwanangu, mwaka mzima baada ya kukuzika.

Nilipomaliza niliomba kalamu. Nyuma ya kikaratasi nikaandika: "Nilikosea. Taa, mashati, zamu." Kisha nikavuta fomu ya binti yangu nikaisaini. Naye akakata kipande cha daftari, akanisogezea vilevile kama wewe. "Sasa kadiria yangu."

Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Nikaandika, "Sijui."

Alikisoma, akacheka, akakitia koponi. Upande wa pili ataujaza mwenyewe.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye bado anatoa kikombe kimoja zaidi. Na mimi kaka yako. Na wifi yako, anayesema nimechelewa. Na wapwa wako wengine. Na binti yetu, aliyepeleka fomu Jumatatu, siku nne kabla. Kwamba utakuwa nasi mioyoni siku zote, hilo hatulikadirii. Tunalijua.