Gwanda la Baba Akello

Jumatatu, 4 Machi

Nafua gwanda la mume wangu. Maji ya tatu haya, bado povu la njano. Jana kikosi chao cha zimamoto kiliitwa bandarini Port Bell, behewa la mizigo linavuja dawa. Mapipa ya ndani hayana alama wala jina. Wakaingia hivyo hivyo. Mikono inaniwasha. Yeye anakohoa, anasema vumbi, hospitali hataki. Nimemtania: sikio la kufa halisikii dawa.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Daktari anauliza alivuta nini. Tumjibu nini? Mwenye mzigo hajajitokeza. Namchukia mtu nisiyemjua.

Ijumaa, 8 Machi

Amekufa asubuhi. Ule ulikuwa utani tu.

Jumanne, 19 Machi

Tumemzika kwao Gulu, tumerudi kambini kwa kikosi, Naguru, mimi na mwanangu Akello. Chumba kinanuka dawa ile ya mapipa. Jioni nasikia mtu anakohoa nje, kama yeye akivua buti. Nimefungua mlango mara mbili. Naogopa. Nikikuta hakuna mtu, naumia zaidi.

Alhamisi, 21 Machi

Amekuja shemeji Okot, mwenzake kazini. Serikali imetoa sheria. Mzigo wa sumu lazima uwe na alama, bila hivyo zimamoto hawaingii. Na nguo iliyogusa sumu hairudi nyumbani, inateketezwa. Anataka gwanda.

Nikamwambia, "Shemeji, sheria yenu imekuja mtu ameshazikwa."

Akainama. Nikamdanganya kwamba nimelitupa. Liko chini ya kitanda. Viwiko vyake bado vimekunjika vile alivyokuwa akikunja yeye. Siwapi.

Jumapili, 24 Machi

Nimetoka kuchota maji, namkuta Akello amelala, amejifunika gwanda. Macho mekundu. Anakohoa, kikohozi kile kile. Nimemwogesha kwa sabuni mpaka akalia. Nami nikalia. Nimemkimbiza kliniki. Wanasema mapafu ni mazima, ila asirudi kwenye chumba kile kabla hakijasafishwa. Tumehamia kwa jirani. Nimejilaani kutwa nzima.

Jumatatu, 25 Machi

Nimempelekea Okot gwanda ndani ya mfuko. Hakuniuliza kitu. Amevaa glavu, amenisimamisha upande usio na moshi. Lilichelewa kushika moto.

Niliporudi, nilimwambia Akello gwanda limechomwa, akauliza kama baba ameumia. Nikamwambia hapana, zimeungua nguo tu.

Akasema, "Sasa baba atavaa nini?"

Nimemmiminia chai.